Sura ya Tano: Msimu wa Mbio Huanza Lini?

Swali hili huulizwa sana Eastlands, na karibu kila mara huulizwa kwa kuchelewa. Utalisikia ndani ya matatu ya Jogoo Road, kwa kinyozi Umoja, au kwenye foleni ya maji Kayole: "Kwani hawa watu wetu wa mbio huanza lini?" Anayeuliza huwa ameona medali kwenye taarifa ya habari jana usiku. Anajua nani ameshinda, ila hajui mshindi huyo alikuwa wapi miezi tisa iliyopita.

Chukua Septemba 2025. Katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Tokyo kuanzia tarehe 13 hadi 21, Kenya ilivuna dhahabu 7 na kumaliza ya pili nyuma ya Marekani. Kwa siku hizo tisa, kila kibanda cha chai kilikuwa na mchambuzi wa riadha. Oktoba ilipoingia, wachambuzi wakarudi kwenye ligi ya Uingereza na majina ya wakimbiaji yakawekwa kabatini hadi medali nyingine.

Linganisha na mpira. Kijana wa Jericho au Makongeni anamjua kocha mpya wa timu yake, beki aliyeumia goti na mchezaji aliyesajiliwa juzi, na ligi yenyewe bado haijaanza. Raha ya ligi anaipata kwa sababu aliingia mapema. Ubingwa ukija Mei, yeye ameshaufuata tangu Agosti.

Basi jibu fupi la swali letu ni hili: msimu wa mbio ndefu huanza Oktoba au Novemba, kwenye matope, mbali na kamera. Jibu refu ndilo sura hii. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, na katika riadha lele hiyo ndiyo yenye habari nyingi kuliko ngoma yenyewe, mradi ujue umtazame nani na utazame nini.

Mwaka mmoja, misimu mitatu

Riadha humchanganya mtazamaji mpya kwa sababu haina ligi moja. Mkimbiaji wa mbio ndefu ana misimu mitatu inayopishana.

1. Mbio za nyika, yaani mbio za kukimbilia kwenye nyasi, udongo, vilima na matope. Hizi huanza Oktoba au Novemba na kufikia kilele kati ya Januari na Machi.
2. Mbio za uwanjani, kwenye njia ya mviringo yenye urefu wa mita 400. Hizi hushika kasi kuanzia Aprili na kumalizika Agosti au Septemba.
3. Mbio za barabarani, kuanzia kilomita 5 hadi marathoni ya kilomita 42.195. Marathoni kubwa zina vipindi viwili: Machi na Aprili, kisha mwisho wa Agosti hadi Novemba.

Wengine hupita misimu yote mitatu, wengine hubaki kwenye mmoja. Kwa hiyo ukiuliza "msimu umeanza?", mjuzi atakuuliza, "Wa nani?"

Nyika: mahali ambapo saa haina maana

Chama cha Riadha Kenya, AK, ambacho makao yake ni Riadha House karibu na uwanja wa Nyayo, huandaa msururu wa mbio za nyika unaozunguka kaunti mbalimbali. Machakos, mwendo wa saa moja na ushee kutoka Donholm barabara ikiwa wazi, imewahi kuupokea msururu huo. Kisha polisi, magereza na jeshi huwa na mashindano yao, na baadaye huja mashindano ya kitaifa yanayochagua timu ya dunia. Februari kuna pia mbio za Sirikwa Classic katika kijiji cha Lobo, Eldoret. Mbio hizo zilianza 2022 kwa jina la Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa nyika wa mwaka 2015 aliyeuawa Iten Oktoba 2021.

Kwa nini bingwa wa uwanjani akubali kuchafuka hivyo? Kwa sababu nyika hujenga msingi. Kilima hutia nguvu mapajani, matope hufundisha miguu kujisawazisha, na kukimbia bila mwendo wa kulingana huandaa mapafu kwa mashambulizi ya ghafla. Mwezi wa Novemba mkimbiaji anakusanya kilomita nyingi kwa mwendo wa wastani. Mazoezi ya kasi kali yatakuja baadaye. Ndiyo maana anaweza kumaliza wa kumi na tano huko Novemba, akawa bingwa Agosti. Hakuwa mgonjwa, alikuwa hajaanza kunolewa.

Nyika pia huwakutanisha watu ambao hawakutani kwingine. Mtaalamu wa mita 1,500 husimama mstari mmoja na mtu wa marathoni. Muda haulinganishwi, maana kilima cha Eldoret si tambarare ya Belgrade. Kinachohesabika ni nafasi tu: nani alimpita nani.

Halafu kuna hesabu ya timu. Katika mashindano ya dunia, nchi hupanga hadi wakimbiaji sita, na nafasi za wanne wa kwanza hujumlishwa. Wakimaliza wa 1, wa 3, wa 6 na wa 10, timu ina pointi 20. Timu yenye pointi chache ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo yule anayejikokota nafasi ya kumi anaweza kuwa ndiye anayeileta dhahabu. Kwa hesabu hiyo ya timu, wanaume wa Kenya walitawala dunia miaka 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Ndani ya kipindi hicho Paul Tergat alishinda mataji matano ya mtu binafsi bila kukatika, 1995 hadi 1999. Mwaka 2007 dunia yote ilikuja Mombasa kwa mbio hizi, na joto la Pwani likamshinda hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyejitoa kabla ya kumaliza.

*Kwa ufupi:* nyika hukuonyesha nani ana pumzi na nani ana moyo. Haikuonyeshi nani atakuwa bingwa wa uwanjani.

Uwanja: jifunze kusoma muda

Aprili au Mei, Diamond League hufungua pazia. Huu ni mfululizo wa mikutano ya siku moja ulioanza 2010. Miaka ya karibuni umekuwa ukianzia China, kisha Doha, kisha Ulaya na Marekani. Mshindi wa kila mbio hupata pointi 8, wa pili 7, na kuendelea hadi wa nane anayepata 1. Wenye pointi nyingi huingia fainali mwishoni mwa msimu. Huu ndio mfano wa karibu zaidi na ligi, kwa hiyo shabiki wa mpira aanzie hapa kama nyika imempita.

Kwenye skrini utaona herufi kadhaa kando ya muda wa mkimbiaji. PB ni muda wake bora maishani. SB ni muda wake bora wa msimu huo. Mwanzoni mwa msimu SB haina uzito: mbio yake ya kwanza ya mwaka, hata akijikokota, itaandikwa SB. Usishangilie herufi hizo kabla ya Juni.

Jambo la pili ni waongoza kasi. Hawa ni wakimbiaji wanaolipwa kutangulia kwa mwendo uliopangwa, kisha kutoka njiani kabla ya mwisho. Siku hizi huongezewa taa ndogo zilizopangwa ukingoni mwa njia ya ndani, ambazo huwaka zikifuatana kwa kasi ya rekodi. Anayekimbia mbele ya taa anaipita rekodi, zikimtangulia, anadaiwa.

Kwenye Olimpiki na mashindano ya dunia hakuna muongoza kasi wala taa. Hapo ni akili kwa akili: kundi hutembea kama linakwenda sokoni, kisha mizunguko miwili ya mwisho inakuwa vita. Beatrice Chebet aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Eugene, Marekani, Mei 25, 2024, kwa dakika 28 na sekunde 54.14, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Miezi miwili na nusu baadaye, Paris, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mbio hizo hizo kwa dakika 30 na sekunde 43.25. Ni polepole kwa karibu dakika mbili, na hakuna aliyemlaumu. Mbio za rekodi na mbio za medali ni kazi mbili tofauti, na mkimbiaji bora ni yule anayeziweza zote mbili.

*Kwa ufupi:* kabla ya kusema "ameshuka kiwango", uliza maswali matatu. Kulikuwa na waongoza kasi? Ni mbio yake ya ngapi mwaka huu? Alikuwa anatafuta muda au nafasi?

Barabara: mara mbili kwa mwaka, basi

Marathoni haina mechi ya kila wiki. Mwili unaokimbia kilomita 42 kwa kasi ya juu huhitaji miezi kujijenga upya, na wengi wa daraja la juu hukimbia mbili tu kwa mwaka. Marathoni kubwa zinazounganishwa katika mfululizo mmoja ni Tokyo, Boston na London katika nusu ya kwanza ya mwaka. Sydney, iliyojiunga 2025, mwisho wa Agosti. Kisha Berlin, Chicago na New York. Mtu wa Boston huwezi kumwona tena kabla ya vuli ya Ulaya. Kutoonekana kwake Juni si habari mbaya. Yuko Kaptagat au Iten akila kilomita.

Ukichelewa kuanza kufuata, unaweza kukosa kabisa. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni tatu pekee maishani mwake. Desemba 2022 Valencia: saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Aprili 2023 London: 2:01:25. Oktoba 8, 2023 Chicago: 2:00:35, rekodi ya dunia. Februari 11, 2024 akafariki katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 24. Wengi mtaani walilijua jina lake siku ya rekodi, na wengine siku ya msiba.

Mfano: mwaka mmoja na Chebet

Tuseme umeamua kumfuata mtu mmoja, na msimu wako unaanza siku watu wengine wanasubiri fataki za mwaka mpya.

- Desemba 31, 2023, Barcelona: kilomita 5 barabarani, dakika 14 na sekunde 13, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee.
- Machi 30, 2024, Belgrade: anatetea taji lake la dunia la nyika.
- Mei 25, Eugene: rekodi ya mita 10,000.
- Agosti 5, Paris: dhahabu ya Olimpiki, mita 5,000.
- Agosti 9, Paris: dhahabu ya pili, mita 10,000.

Aliyewasha televisheni Agosti aliona ushindi mara mbili. Aliyeanza Desemba aliona kasi ikijengwa barabarani, ukakamavu ukijaribiwa nyikani, kisha vyote viwili vikaletwa uwanjani. Walioendelea naye walivuna tena: Julai 5, 2025, Eugene, akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14, kwa 13:58.06, na Septemba akazoa dhahabu mbili Tokyo.

Saa za Nairobi

Kikwazo kikubwa kwa shabiki wa Eastlands ni saa. Matangazo huandika saa za kule mbio zinakofanyika, nawe unafungua simu na kukuta mshindi ameshavaa bendera. Jedwali hili dogo litakusaidia:

- China, saa mbili usiku kwao: saa tisa alasiri kwetu.
- Doha: saa zao ni zetu.
- Ulaya ya kati wakati wa kiangazi, saa mbili usiku kwao: saa tatu usiku kwetu.
- Eugene, saa saba mchana kwao: saa tano usiku kwetu.
- Marathoni ya Tokyo: saa tisa na dakika chache usiku. Weka kengele.
- Berlin: saa nne na robo asubuhi, Jumapili. Wengine watakuwa kanisani.
- London: karibu saa sita mchana.
- Chicago: karibu saa tisa na nusu alasiri.
- Boston na New York: jioni, kuanzia saa kumi na nusu.

Usiku ule wa Julai 5, 2025, rekodi ya Chebet haikuwa peke yake. Katika mkutano huo huo Faith Kipyegon alikimbia mita 1,500 kwa 3:48.68, rekodi nyingine ya dunia. Ilikuwa Jumamosi, usiku wa manane Nairobi. Vibanda vya kuonyesha mpira vilikuwa vimefungwa, na aliyebaki na bando kidogo kwenye simu aliona rekodi mbili kwa bei ya moja.

Kwa nini mtaa wetu hauna mkimbiaji wake?

Hili ndilo swali linalofichwa ndani ya lile la kwanza. Mpira una anwani: uwanja wa Camp Toyoyo uko Jericho, City Stadium iko Jogoo Road, na mchezaji unaweza kukutana naye dukani. Mkimbiaji wa Kenya kwa kawaida hana klabu ya mtaa. Ana mwajiri, ambaye mara nyingi ni polisi, magereza au jeshi. Ana meneja na kampuni ya viatu. Na ana kambi, mahali anapolala na kufanya mazoezi na wenzake chini ya kocha mmoja, huko Iten au Kaptagat, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Kwa shabiki, kambi ndiyo klabu. Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon wote wamenolewa na Patrick Sang, aliyekuwa mshindi wa fedha ya Olimpiki ya kuruka viunzi na maji mwaka 1992. Ukimjua kocha, unajua mtindo. Ukisikia kijana mpya ameingia kambi hiyo, una sababu ya kumtazama kabla hajashinda chochote.

Na usidhani Eastlands iko mbali na mambo. Uwanja wa Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, unafikika kwa kupanda gari la Outering hadi Allsops, kisha Thika Road. Julai 2017, mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 18 yaliujaza umati ambao dunia ya riadha ilibaki kuuzungumzia. Agosti 2021 yakaja ya chini ya miaka 20, safari hii viti vitupu kwa sababu ya Korona. Humo ndimo kijana wa miaka 17 aliyewahi kuacha shule akachunga ng'ombe alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.76. Anaitwa Emmanuel Wanyonyi. Baadaye akawa bingwa wa Olimpiki Paris 2024 na wa dunia Tokyo 2025. Miaka mitatu kabla ya Paris, jina lake lilikuwa tayari kwenye karatasi ya matokeo, mwendo wa nauli mbili kutoka Umoja.

Mashindano ya Kip Keino Classic, yaliyoanza 2020, nayo hufanyika hapa hapa Nairobi, kwa miaka mingi kati ya Aprili na Mei, mwanzoni kabisa mwa msimu wa uwanjani. Hilo ndilo dirisha bora la mtaa: mabingwa wakiwa bado hawajaiva.

"Na hawa wanakimbia safi?"

Swali la haki, na shabiki mzima halikwepi. Pufya, yaani matumizi ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, imewaangusha Wakenya wengi. Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago kwa 2:09:56 Oktoba 2024, rekodi ya dunia ya wanawake. Oktoba 2025 alifungiwa miaka mitatu kwa sampuli iliyochukuliwa Machi mwaka huo. Rekodi yake haikufutwa, kwa sababu ilitangulia sampuli hiyo.

Kwa anayefuata msimu, mambo mawili yanafaa kueleweka. Kwanza, kusimamishwa kwa muda si sawa na kufungiwa: la kwanza ni kuzuiwa wakati kesi inaendelea, la pili ni hukumu. Pili, wakimbiaji wa daraja la juu hutakiwa kutaja mahali watakapopatikana kwa saa moja kila siku ili wapimwe bila taarifa. Wakikosekana au wakikosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12, hilo pekee ni kosa. Kwa hiyo mwanzo wa msimu, pamoja na orodha ya walioingia mbio, soma na orodha ya waliofungiwa. Ni sehemu ya mchezo, kama ilivyo kadi nyekundu.

Muhtasari wa sura

- Msimu una milango mitatu: nyika, uwanja na barabara. Wa kwanza hufunguka Oktoba au Novemba.
- Nyika husomwa kwa nafasi, Diamond League kwa muda na pointi, mashindano makubwa kwa akili.
- Matokeo ya mapema hueleza hali ya mazoezi, hayatabiri medali.
- Mtu wa marathoni ana nafasi mbili kwa mwaka. Ukikosa moja, umekosa nusu ya mwaka wake.
- Kambi na kocha ndio klabu ya mkimbiaji.

Anza hivi

1. Chagua wakimbiaji watatu tu: mmoja unayemjua tayari, mmoja wa chini ya miaka 20, na mmoja wa nchi jirani. Jacob Kiplimo wa Uganda, bingwa wa dunia wa nyika wa 2023 na 2024, anafaa sana kwa hilo la tatu, maana shabiki asiyemjua mpinzani hawezi kuelewa ushindi.
2. Andika kwenye daftari au simu kila mbio wanazokimbia: tarehe, mahali, nafasi, muda, na kama kulikuwa na waongoza kasi.
3. Badilisha saa za mbio ziwe za Nairobi siku ile ratiba inapotoka, si siku ya mbio.
4. Hudhuria shindano moja kwa macho yako kabla ya Juni. Nyika mara nyingi hazina kiingilio. Gharama yako ni nauli na viatu vya matope.
5. Mwenye kibanda cha mpira akikuambia hakuna wateja wa mbio, nenda na wanne. Wateja watano wanatosha kumfanya abadilishe chaneli.